Namna ya kupima mafuta mwilini na kufuatilia mabadiliko yake ukiwa nyumbani

Wengi wanaoanza mazoezi au kubadili mlo hupanda kwenye mizani kila asubuhi, na baada ya wiki chache wanakata tamaa. Leo uzito umeshuka nusu kilo, kesho umepanda kilo nzima, keshokutwa umerudi palepale. Juhudi zao hazina kasoro. Mizani hujumlisha kila kitu: mifupa, misuli, damu, maji, chakula cha jana ambacho bado kiko tumboni, na mafuta. Anayetaka kupunguza kitambi anataka habari za mafuta peke yake, na mizani ya kawaida haina uwezo wa kuyatenga.

Unaweza kuyafuatilia mafuta hayo kwa utepe laini wa kupimia, kama ule wa fundi cherehani, pamoja na mizani, kikokotoo cha simu na daftari. Lakini elewa jambo moja kabla hujaanza: hakuna kipimo cha nyumbani kitakachokupa asilimia ya kweli ya mafuta yako. Hata mashine za hospitali hukadiria tu, kwa sababu mafuta ya mtu aliye hai hayawezi kutolewa yote na kuwekwa kwenye mizani. Kinachopatikana nyumbani, tena kwa uhakika mzuri, ni mwelekeo: yanapungua, yanaongezeka, au yamesimama. Kwa maamuzi ya kila siku kuhusu chakula na mazoezi, mwelekeo unatosha.

Jua unachokipima

Mwili hauishi bila mafuta. Mwanamume anahitaji takriban asilimia 3 ya uzito wake iwe mafuta ili viungo vifanye kazi, na mwanamke takriban asilimia 12, kwa kuwa mwili wake umeumbwa kubeba mimba na kunyonyesha. Kwa hiyo mke na mume wasilinganishe namba zao. Mwanamke mwenye asilimia 26 na mwanamume mwenye asilimia 19 wanaweza kuwa katika hali moja kiafya.

Mahali yalipo mafuta ni muhimu kama wingi wake. Yale yaliyo chini ya ngozi, unayoweza kuyafinya kwa vidole kwenye mapaja, makalio na mikono, hayana madhara makubwa. Yanayotia hofu ni yaliyojificha ndani ya tumbo, yakizunguka ini na utumbo. Hayo ndiyo yanayohusishwa zaidi na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na maradhi ya moyo. Ndiyo maana, ukiniuliza uchague kipimo kimoja tu kati ya vyote vilivyomo humu, nitakwambia uchague mzunguko wa kiuno.

Hatua ya kwanza: weka mazingira yawe yaleyale

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Wanapima asubuhi wiki hii, jioni wiki ijayo, mara kabla ya kula, mara baada ya kula. Halafu wanashangaa namba zinavyoruka.

Pima asubuhi, baada ya kwenda chooni, kabla ya kula, kunywa au kufanya mazoezi. Vaa nguo ya ndani tu, au usivae kitu. Tumia utepe uleule na mizani ileile, na mizani ikae kwenye sakafu ngumu, kwani juu ya zulia hudanganya. Mwanamke anayepata hedhi alinganishe siku zinazofanana za mzunguko wake, kwa mfano siku ya saba ya mzunguko huu na siku ya saba ya mzunguko ujao. Siku zinazotangulia hedhi mwili wa wengi hushika maji, na kiuno huongezeka bila mafuta kuongezeka hata kidogo.

Hatua ya pili: pima kiuno sawasawa

Simama wima, miguu imeachana kidogo, mikono imelegea. Papasa ubavu mpaka uupate mfupa wa mbavu wa chini kabisa. Shuka na vidole mpaka ukutane na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga. Katikati ya sehemu hizo mbili ndipo Shirika la Afya Duniani linaposhauri kipimo kichukuliwe. Weka alama ndogo ya kalamu kila upande, kwani bila alama, kesho utepe utakaa sentimita mbili juu au chini na hutajua.

Zungusha utepe upite kwenye alama zote mbili. Jitazame kwenye kioo kwa ubavu: utepe ukilegea mgongoni, jibu litakuwa kubwa kuliko kiuno chako. Ukae sambamba na sakafu, uguse ngozi pande zote, lakini usiibane. Ukiuvuta hadi ngozi inaingia ndani, umejipunja. Sasa vuta pumzi ya kawaida, itoe, na mwisho wa kuitoa, kabla hujavuta nyingine, soma namba. Usiingize tumbo ndani. Mkono utataka kukaza na tumbo litataka kujificha lenyewe, hasa mtu akiwa na hamu ya kuona namba ndogo, kwa hiyo legeza mabega na uhesabu polepole mpaka tatu kabla ya kusoma.

Rudia mara tatu, ukiuondoa utepe kabisa kila mara. Andika namba ya katikati.

Kisha linganisha na urefu wako. Gawanya kiuno kwa urefu, vyote kwa sentimita. Mwaka 2022 taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, iliwashauri watu wazima wahakikishe kiuno hakifikii nusu ya urefu wao. Jibu likiwa chini ya 0.5 uko pazuri. Kati ya 0.5 na 0.59 hatari imeongezeka. Kuanzia 0.6 hatari ni kubwa. Mtu wa sentimita 160, basi, ajitahidi kiuno kisifike 80. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba kinatumika kwa wanaume na wanawake vilevile, wala hakihitaji jedwali. Kwa mtu mwenye unene mkubwa sana, mwenye BMI ya 35 au zaidi, hakimwongezei habari mpya.

Na kwa kuwa nimeitaja BMI: ni uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Wazo lake lilitoka kwa Adolphe Quetelet, mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, ambaye alikuwa akichunguza makundi ya watu, si mgonjwa mmoja mmoja. Inafaa kwa makundi. Kwa mtu mmoja mwenye misuli mingi, au mzee aliyepoteza misuli na kubaki na tumbo, inapotosha. Usiitumie kufuatilia mafuta.

Hatua ya tatu: kadiria asilimia kwa utepe

Mwaka 1984 watafiti wa Jeshi la Majini la Marekani, Hodgdon na Beckett, walitengeneza kanuni inayokadiria asilimia ya mafuta kwa kutumia mizunguko ya mwili na urefu. Inatumika hadi leo kwa sababu haina gharama na haihitaji mtaalamu.

Mwanamume anapima shingo, chini kidogo ya koromeo, na tumbo usawa wa kitovu. Mwanamke anapima shingo, kiuno kwenye sehemu yake nyembamba kuliko zote, na nyonga pale makalio yalipojaa zaidi. Angalia kuwa kiuno cha kanuni hii hakipimwi pale pale kilipopimwa katika hatua ya pili, hivyo kiandike kwenye safu yake peke yake, usichanganye. Vipimo vyote viwe kwa sentimita.

Mwanamume:
495 ÷ [1.0324 − 0.19077 × log(tumbo − shingo) + 0.15456 × log(urefu)] − 450

Mwanamke:
495 ÷ [1.29579 − 0.35004 × log(kiuno + nyonga − shingo) + 0.22100 × log(urefu)] − 450

Kitufe cha log kipo kwenye vikokotoo vingi vya simu, mara nyingi ukiilaza simu. Kwenye programu za jedwali za kompyuta unaiandika kanuni mara moja tu, na kila mwezi unabadilisha vipimo.

Tuchukue mwanamume wa sentimita 175, tumbo 92, shingo 38. Tumbo kutoa shingo ni 54, na logi yake ni 1.7324. Logi ya 175 ni 2.2430. Ndani ya mabano tunapata 1.0486. Gawanya 495 kwa namba hiyo unapata takriban 472.1, toa 450, unabaki na asilimia 22.1. Mwanamke wa sentimita 162, kiuno 80, nyonga 104 na shingo 33 atapata karibu asilimia 34.6.

Sasa angalia hili. Mwanamume yuleyule akilegeza utepe kidogo akasoma 93 badala ya 92, jibu linapanda hadi 22.7. Sentimita moja ya uzembe imekuwa zaidi ya nusu asilimia ya mafuta ambayo hayapo. Tena hata ukipima kwa umakini wote, kanuni yenyewe inaweza kukosea kwa asilimia 3 au 4 ukilinganisha na vipimo vya maabara. Kwa hiyo usitangaze kwamba una asilimia 22.1. Sema uko kwenye ishirini na kitu, kisha uangalie namba hiyo inaelekea wapi.

Hatua ya nne: lifahamu kosa lako mwenyewe

Hatua hii karibu kila mtu anairuka, nami naiona ya lazima kuliko hesabu zote. Kabla hujabadilisha chochote katika mlo au mazoezi, pima siku tatu mfululizo kwa utaratibu uleule. Mafuta hayabadiliki kiasi cha kuonekana ndani ya siku tatu. Kwa hiyo tofauti yoyote utakayoiona ni kosa la mkono wako, maji, na chakula kilichoko tumboni.

Tuseme kiuno kilisoma 91.5, 92.3 na 91.8. Mtawanyiko wako ni kama sentimita 0.8. Iandike namba hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari. Kuanzia hapo, badiliko lolote lisilozidi hiyo usilishangilie wala usiliogope. Likifika sentimita mbili, na likabaki hapo ukipima tena siku ya pili, hilo ni la kweli.

Koleo la kupimia mafuta, ukilipata

Kalipa ni koleo dogo linalobana mkunjo wa ngozi na kuonyesha unene wake kwa milimita. Kanuni za Jackson na Pollock, za mwaka 1978 kwa wanaume na 1980 kwa wanawake, zinatumia sehemu tatu: kwa mwanamume kifua, pembeni mwa kitovu na mbele ya paja, kwa mwanamke nyuma ya mkono wa juu, juu ya mfupa wa nyonga na mbele ya paja. Vipimo vyote huchukuliwa upande wa kulia.

Shika mkunjo kwa kidole gumba na cha shahada, uuvute kidogo utoke kwenye msuli. Kama huna uhakika umeshika mafuta au msuli, kaza msuli huo: msuli utaponyoka, mafuta yatabaki vidoleni. Weka koleo sentimita moja kutoka vidole vyako, bila kuuachia mkunjo, achia koleo libane, na usome ndani ya sekunde moja au mbili. Ukichelewa mafuta hubonyea na namba hushuka. Zungukia sehemu zote kisha urudie mzunguko mzima. Namba mbili za sehemu moja zikitofautiana kwa zaidi ya milimita mbili, pima mara ya tatu.

Ushauri wangu ni kuachana na asilimia kabisa kwenye koleo. Jumlisha milimita za sehemu tatu na ufuatilie jumla hiyo. Ikitoka 62 ikafika 51, mafuta ya chini ya ngozi yamepungua, na hukuhitaji kanuni ya mtu yeyote kulijua hilo. Mtu mmoja ndiye akupime siku zote, kwani mikono miwili tofauti haibani sawa. Na kumbuka koleo halioni mafuta ya ndani ya tumbo. Utepe bado unahitajika.

Mizani za umeme zinazotaja asilimia

Hizi hupitisha umeme mdogo usiosikika kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Umeme hupita kwa urahisi kwenye misuli, ambayo imejaa maji, na hupata shida kwenye mafuta. Kutokana na ugumu huo, pamoja na urefu, umri na jinsia uliyoingiza, mizani hukisia.

Udhaifu wake ni maji. Usipokunywa ya kutosha, mizani itasema mafuta yameongezeka, na baada ya mazoezi ya jasho jingi namba zitavurugika tena. Halafu umeme wa mizani ya kukanyagia hupita hasa kwenye miguu, kwa hiyo habari za tumbo ni makisio juu ya makisio. Ukiwa nayo, itumie kwa masharti ya hatua ya kwanza na uangalie wastani wa mwezi. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani asiikanyage kabisa, na wajawazito waiache.

Skani ya DEXA, inayotumia miale ya eksirei ya nguvu mbili tofauti, ni sahihi zaidi na huonyesha mafuta, mifupa na misuli ya kila sehemu. Anayeipata aifanye kwenye mashine ileile kila mara, kwani mashine mbili hutofautiana. Kila mwezi ni mapema mno. Mara mbili kwa mwaka inatosha.

Hatua ya tano: daftari na ratiba

Uzito unaweza kuupima kila siku, mradi uangalie wastani wa wiki peke yake. Chukua wiki hii: 84.6, 84.1, 85.0, 84.3, 83.9, 84.8, 84.2. Ukitazama siku moja moja utachanganyikiwa, lakini wastani ni 84.4, na namba hiyo ndiyo utakayoilinganisha na ya wiki ijayo. Kilo iliyoongezeka usiku mmoja si mafuta. Kilo moja ya mafuta inahitaji kama kalori 7,700 zaidi ya zile ulizotumia, na hakuna mlo wa jioni wa kawaida unaofika huko. Ni maji na chumvi, au wanga uliohifadhiwa kwenye misuli, maana kila gramu ya wanga huo hukaa na takriban gramu tatu za maji.

Kiuno kipimwe mara moja kila wiki mbili. Asilimia kwa kanuni, pamoja na koleo, mara moja kwa mwezi. Piga na picha mara moja kwa mwezi, mbele na ubavuni, mahali pamoja na mwanga uleule. Kupima mara nyingi zaidi hakukupi habari zaidi, kunakuongezea kelele na wasiwasi.

Hatua ya sita: soma namba kwa pamoja

Turudi kwa mwanamume wetu. Alianza na kilo 86 na asilimia 22.1, yaani mafuta kilo 19.0 na vingine vyote kilo 67.0. Baada ya wiki kumi na mbili ana kilo 82, tumbo limefika 88, shingo ni ileile. Kanuni inampa asilimia 19.2. Mafuta sasa ni kilo 15.7 na vingine kilo 66.3. Katika kilo nne zilizoondoka, 3.3 zinaonekana kuwa mafuta. Hayo ni matokeo mazuri, hata tukikubali kwamba kila namba hapo ina kosa lake, kwa sababu uzito na kiuno vimekwenda upande mmoja.

Uzito ukisimama huku kiuno kikipungua, usibadilishe kitu. Mafuta yanatoka na misuli inaingia, hali inayowapata zaidi wanaoanza mazoezi ya kunyanyua vitu vizito. Ni hapa watu wengi huacha, wakidhani hakuna kinachotokea, na inaniuma kwa sababu ndio wanaofanya vizuri kuliko wote.

Uzito ukishuka haraka huku kiuno kikisita, shaka ianze: huenda unapoteza maji na misuli. Kushuka kwa asilimia 0.5 hadi 1 ya uzito wako kwa wiki ni mwendo unaolinda misuli. Ukizidi hapo wiki baada ya wiki, ongeza chakula kidogo, hasa protini, na uhakikishe unafanya mazoezi ya nguvu, si kukimbia tu. Vyote viwili vikipanda kwa mwezi mzima, chakula kimezidi matumizi. Vikisimama vyote wiki nne na ulikuwa unataka kupungua, hapo ndipo pa kupunguza kiasi cha chakula au kuongeza mwendo, kimoja kwa wakati, ili ujue kipi kimefanya kazi.

Nani asitumie vipimo hivi

Wajawazito na waliojifungua karibuni waviache. Watoto na vijana wanaokua wana chati zao kwa wahudumu wa afya, na viwango vya watu wazima haviwahusu. Mtu aliyewahi kusumbuliwa na ugonjwa wa kujinyima chakula au kula na kujitapisha asianze kujipima bila mtaalamu wake kujua, kwani namba za kila wiki zinaweza kuurudisha ugonjwa.

Na utepe una mpaka wake: hauwezi kutofautisha mafuta na maji ya ugonjwa. Tumbo likijaa ndani ya siku au wiki chache huku miguu ikivimba au pumzi ikikatika, nenda hospitali siku hiyohiyo. Vilevile, uzito ukipungua kwa asilimia 5 au zaidi ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili bila wewe kukusudia, mwone daktari, na uende na daftari lako. Tarehe na namba ulizoandika zitamsaidia kujua mabadiliko yalianza lini.